Pembe Mraba ya Bibi Zaina

Mwezi uliopita nilishuka kutoka Vugiri kwenda Korogwe, kwenye arobaini ya mtu ambaye sikumpenda hata siku moja. Nilikwenda kwa sababu binti yake tulifundisha pamoja, na kwa sababu katika umri huu nilionao, mtu akikosa kuonekana kwenye misiba miwili mitatu watu huanza kuulizana kama naye keshafukiwa. Tulikaa jamvini, sisi wanawake upande wa jiko, wanaume chini ya turubai. Mzee mmoja aliyevaa koti la suti juu ya kanzu alisimama akatusomea maisha ya marehemu. Alisema marehemu alilitumikia taifa. Alisema marehemu alipenda watu. Halafu akainua kidole akasema marehemu ndiye aliyevinyoosha vijiji vya Handeni, ambavyo kabla yake vilikuwa vimetupwatupwa porini bila mpango wowote, na watu wazima na akili zao wakatikisa vichwa kukubali. Kuna kitu kilinishika. Haikuwa huzuni, nasema mapema ili nisihurumiwe bure. Kilikuwa kinyaa. Na pilau ilikuwa tamu, jambo ambalo lilizidi kuniudhi.

Kinyaa chenyewe hakikuwa cha marehemu peke yake. Yule bwana, ambaye wanafunzi wangu walimwita Bwana Ramani, hakunyoosha kitu chochote kwa mikono yake. Jua la Handeni lilikuwa limeshamshinda kufika saa nne asubuhi. Aliyemfanyia kazi ni mimi. Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya kabisa, viatu vyangu bado vina rangi, na kwa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara mbili nilisaidia kuivunja nyumba ya mama mzee aliyekuwa akinilisha kila siku. Nimewahi kuisimulia habari hii mara moja tu, kwa padri, naye akaniambia nilikuwa mdogo. Jibu lile nalo lilinichefua.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimekata tonge la pili wakati mwanamke aliyekuwa akigawa sahani alipoinama mbele yangu. Alikuwa mtu mzima, amepita sitini, kanga kajifunga kifuani kama wafungavyo wenye shughuli.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hunijui," akasema, wala hakuwa akiuliza. "Mwajuma. Mwajuma wa Bibi Zaina. Nimeolewa hapa jirani, ndiyo maana unaniona nimeshika upawa."

Akasogeza ukingo wa jamvi kwa mguu, akakaa kando yangu, akaanza kujipepea kwa kifuniko cha sufuria. Yule mzee wa koti aliendelea na sifa zake, na mimi nikarudi, nikitaka nisitake, kwenye ile nyumba.

Kijiji sitakitaja jina, maana wanaokaa pale leo hawana kosa. Kilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Handeni mjini, na mwaka ule ndio watu walikuwa wakikusanywa kutoka mashambani waje wakae pamoja, karibu na shule, karibu na bomba ambalo lilikuwa limeahidiwa na halijafika. Shule ilikuwa na vyumba viwili na mwalimu mkuu aliyekuwa mikutanoni muda wote. Nyumba ya mwalimu haikuwa imejengwa, kwa hiyo nikapewa nafasi kwa Bibi Zaina, mjane, aliyekaa na mjukuu wake Mwajuma wa darasa la tano. Nyumba yake ilikuwa ya msonge, duara kamili, ukuta wa fito na udongo mwekundu, paa la nyasi lililoshuka hadi usawa wa kiuno hivi kwamba hata mimi mfupi niliinama kuingia. Ndani palikuwa na giza la baridi. Kitanda changu cha kamba kiliwekwa upande wa jua linapochomoza, kitanda chao upande mwingine, na katikati paliningʼinia kitenge, ndicho kilikuwa chumba changu. Mimi niliyetoka chuoni, ambako tulilala kwenye bweni la kona nne na madirisha ya vioo, usiku wa kwanza nililia kidogo kwa kukosa mahali pa kuegemeza sanduku langu. Kila nilipolisukuma ukutani lilibaki na upenyo nyuma yake.

Bibi Zaina aliliona hilo akacheka. "Nyumba yangu haina mahali uchafu utajificha," alisema. "Mimi nafagia mara moja tu, nazunguka, nimemaliza. Nyie wenye kona mnafagia nini na nini?" Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye ulimi, na kazi yake kubwa mwaka ule ilikuwa kuhakikisha mwalimu halali njaa. Mvua zilikuwa zimekosekana. Kijijini uligawiwa unga wa njano wenye harufu ya gunia na wadudu, ambao ukiusonga unakushika kwenye meno kama udongo, na kila mtu alikuwa akiulaani huku akiula. Lakini Bibi Zaina alikuwa na muhogo wake kwenye shamba la zamani, akasonga bada, ugali wa muhogo, akachuma mchunga, mboga ya porini ile chungu hasa, akauchemsha, akamwaga maji, akauunga kwa karanga. Kisha ananiwekea mbele yangu kabla hajajipakulia mwenyewe, na ikiwa nimeinamia madaftari ya wanafunzi anasema, "Kula, mwalimu, kitapoa." Alisema hivyo kila siku ya Mungu. Nilikuwa nikisahihisha kwa mkono mmoja na kula kwa mwingine, wala sikumbuki kama nilisema asante zaidi ya mara mbili tatu.

Nilikuwa mwalimu mzuri, na nasema hivyo kwa uchungu. Vitabu vya hesabu vilikuwa vitatu kwa darasa zima la watoto arobaini na kitu, ubao umepauka, vifaa vya kupimia pembe havikuwepo hata kimoja. Chuoni nilifundishwa ujanja. Unachukua kipande chochote cha karatasi, hata kilichochanika ovyo, unakikunja mara moja. Halafu unakikunja tena, mkunjo ule wa kwanza ulale sawasawa juu yake wenyewe. Hapo pembeni unapata pembe mraba, isiyokosea, na mtoto ameitengeneza kwa vidole vyake. Niliwagawia watoto karatasi za mifuko ya saruji. Nikawaambia: kitu kikikaa sawasawa na karatasi yako, hiyo ni pembe mraba, kikiwa kimebana zaidi, hiyo ni pembe kali, kikiwa kimepanuka zaidi, hiyo ni pembe butu. Tukatoka nje. Wakapima jembe na mpini wake, pembe kali. Wakapima mgongo wa paa la darasa, pembe butu. Wakapima viwiko vyao wenyewe, mguu wa mbuzi aliyelala, mdomo wa kuku anayehema, tawi na shina, kurasa za daftari. Wiki nzima kijiji kilijaa watoto wanaokimbia na vikaratasi vya saruji wakipiga kelele kali, butu, mraba. Sijawahi tena kuliona darasa likijifunza kwa furaha kama ile.

Wiki hiyohiyo ndipo Bwana Ramani alipofika na Landrova, kamba, na karatasi kubwa iliyochorwa kijiji kilichonyooka, mistari mitano ya nyumba kama mistari ya mahindi. Mwenyekiti wa kijiji akaleta jogoo kwa Bibi Zaina, kwa kuwa ndiye aliyesifika kwa mapishi na ndiye aliyekuwa na mwalimu wa kuongea na mgeni. Tukakaa nje kwenye mkeka, Bwana Ramani, mwenyekiti na mimi. Mwajuma alishika kata ya maji ya kunawa. Bibi alikuwa jikoni, hatua nne kutoka tulipo. Nakumbuka jinsi yule bwana alivyokula. Alitafuna firigisi macho ameyafumba, akanyonya mifupa ya shingo, akajipangusa vidole kwenye ncha ya mkeka ambao Bibi alikuwa ameusuka mwenyewe. Huku anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti akamwambia mwenyekiti:

"Hizi za mduara hazipangiki. Ukiziweka kwenye mstari zinaonekana kama mabuyu. Maelekezo ni nyumba bora. Yenye kona zake mraba itabaki palepale ilipo, hata kama imepinda kidogo na mstari. Nyingine zote, chini. Kazi ni kuziorodhesha tu. Na jua lenyewe hili!"

"Wenyewe wataelewa, bwana?" mwenyekiti akauliza.

"Wataelewa wakishaona paa halipo." Wakacheka. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana niliyekaa mkeka mmoja na wakubwa, nilitabasamu.

Maneno yale niliyasikia. Watu wanne tuliyasikia mbali na yeye, na katika wote wanne mimi ndiye niliyesoma zaidi. Kwa hiyo nikija kusema hapa chini kwamba sikuunganisha jambo na jambo, mtu yeyote mwenye akili ana haki ya kutonisadiki. Mimi mwenyewe siku moja hujisadiki, siku ya pili hujikatalia.

Ijumaa niliwapa watoto kazi ya nyumbani. Kila mmoja apite nyumba za upande wake, apime kona za kila nyumba kwa karatasi yake, aandike jina la mwenye nyumba na aina ya pembe: kali, butu, mraba, au haina. Niliona ni kazi nzuri ajabu. Mkaguzi wa shule alikuwa akitarajiwa, nami nilitaka awakute watoto wa porini wakijua hesabu kuliko wa mjini. Jumamosi nikaenda zangu Handeni kufuata chaki, nikarudi Jumapili jioni miguu imevimba. Jumatatu nikakusanya madaftari. Yalikuwa mazuri sana, majina yameandikwa kwa mpangilio, hata mistari wamepiga kwa kijiti. Nikaweka vema, vema, vema kwa kalamu nyekundu, hadi nilipofika daftari la Mwajuma. Alikuwa mwanafunzi wangu bora. Alikuwa ameandika: Bibi Zaina, mraba.

Nilimwita mbele. "Mwajuma, nyumba ninayolala mimi mwenyewe ina kona?"

"Ina pembe mraba, mwalimu."

"Wapi?"

"Mlangoni. Juu, pale mti wa kulala unapokutana na wa kusimama. Nimepima. Karatasi imekaa."

Darasa likacheka. Mimi sikucheka. Niliona mtoto anayenijibu, anayetaka kunifanya mjinga mbele ya wenzake kwa kuwa analala chumba kimoja na mimi. Sikwenda kuutazama ule mlango. Mwalimu wa pembe, niliyekuwa nikiinama chini ya mlango ule asubuhi na jioni, sikwenda kuutazama. Nilimchapa fimbo nne za mkononi kwa kosa la uongo. Halafu, kwa kuwa fimbo haikutosha kuniridhisha, nikalitoa darasa zima, nikaliongoza hadi kwa Bibi Zaina, nikawapanga watoto mstari mmoja wauzunguke msonge huku wakipitisha kiganja ukutani. Niliwaimbisha. Haina pembe, haina pembe, haina pembe. Walizunguka mara tatu. Bibi Zaina alikuwa amekaa kwenye kigoda chake anamenya muhogo. Hakuinuka. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kumenya, na maganda yalikuwa yakidondoka marefu, bila kukatika. Mwajuma akafuta neno mraba kwa ufutio wangu mwenyewe, akaandika haina, nami nikamwekea vema kubwa na maneno Vizuri, sema kweli daima. Jioni ile Bibi aliniletea bada na mchunga. Kula, mwalimu, kitapoa.

Bwana Ramani alipita shuleni siku ya pili yake. Nilimwonyesha madaftari mwenyewe, bila kuombwa. Nilitaka nisifiwe. Alifungua la kwanza, la pili, akaanza kutabasamu, akaniuliza kama watoto wamepita nyumba zote. Nikasema zote. "Mwalimu," akasema, "umenirahisishia kazi ya siku nne." Akaondoka na furushi lote kwapani, nami nikabaki mlangoni mwa darasa nimevimba kwa fahari. Aliyarudisha baada ya siku tatu. Kurasa nyingine zilikuwa na alama za vidole vyenye mafuta. Na kando ya kila neno haina, na kila kali, na kila butu, palikuwa na kistari cha penseli. Niliviona vile vistari. Nikajiambia amependezwa na majibu.

Mgambo walikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, asubuhi, watoto wakiwa darasani. Tulisikia kwanza nyasi kavu zikichanwa, sauti kama mtu anayepasua kanga, kisha watu wakiita. Watoto walikimbia nje, sikuweza kuwazuia. Nyumba kumi na moja zilishushwa paa siku ile, zote zikisomwa kutoka kwenye karatasi aliyoishika mwenyekiti, ambayo ilifuata mpangilio uleule wa madaftari yangu, mtoto kwa mtoto, hata jina moja lililokosewa herufi na mwanafunzi lilikosewa vilevile. Nilipofika kwa Bibi Zaina walikuwa wameshatoa sanduku langu na kuliweka mbali kwa adabu, chini ya kivuli, wasije wakaharibu mali ya mwalimu. Vyungu vyake vilikuwa juani. Mwajuma alikuwa ameukumbatia mwimo wa mlango, na mgambo mmoja, kijana wa kijiji cha jirani, alikuwa akimbembeleza aachie. Alinitazama. Alikuwa na miaka kumi na miwili na alinitazama kama mtu anayemsubiri mwingine aseme neno moja. Ningeweza kusema mlango una pembe mraba. Lisingesaidia, najua, wangecheka. Lakini ningelisema. Nilichofanya ni kuwaambia watoto warudi darasani.

Walimpa Bibi kiwanja kwenye mstari wa tatu. Wanakijiji wakamjengea kibanda cha kona nne kwa haraka, udongo haujashikana, na mvua za mwaka uliofuata, zilipokuja kwa fujo, zilianza kukibomoa kwenye kona. Nami nilihamia naye humohumo, kwa kuwa sikuwa na pengine, nikakaa miezi saba iliyobaki kabla sijahamishwa. Sanduku langu sasa lilikaa vizuri ukutani. Bibi alifagia kwa ncha ya ufagio, akipekua kona moja baada ya nyingine, akisonya. Hakunigusia habari ile hata siku moja, na mimi nilijipa moyo kwamba mama huyu hajui kusoma, hajui orodha ilitoka wapi, kwake ni serikali tu imefanya mambo ya serikali. Nililala usingizi kwa wazo hilo. Baadaye nilifundisha miaka thelathini na tatu katika shule za Korogwe, Mombo na Hale, na pembe nilizifundisha ubaoni tu, kwa chaki, mlango umefungwa.

Mzee wa koti alimaliza kusoma. Watu wakaitikia amina. Nikaweka sahani chini, na nikamwambia Mwajuma kitu nilichokuwa nimekifanyia mazoezi kwa karibu miaka hamsini.

"Ulikuwa umepata. Ule mlango. Nilikuchapa na ulikuwa umepata."

"Nilijua nimepata," akasema. "Karatasi si ilikaa?" Akacheka kidogo, bila ubaya. "Ila haikuwa akili yangu, mwalimu. Ilikuwa ya bibi."

"Bibi gani?"

"Bibi Zaina. Si alisikia jikoni yule bwana anavyosema? Uliposafiri kwenda Handeni aliniambia, leta hicho kikaratasi chako, nyumba yote hii tuitafutie hata moja tu, tukiipata uiandike, mwalimu wako ni mtu mwema ataikubali. Tulitafuta Jumamosi nzima mimi na yeye. Kitanda, kinu, kigoda, mafiga. Ilipokaa pale mlangoni, alipiga kigelegele."

Kwa hiyo alijua. Siku nilipowaimbisha watoto kuuzunguka ukuta wake alikuwa akijua ninachofanya, na alikuwa akijua kabla yangu. Nilimuuliza Mwajuma jambo moja tu lililobaki.

"Na jioni ile akanipikia?"

"Akakupikia."

"Na miezi yote ile?"

"Na miezi yote ile."

"Kwa nini?"

Mwajuma alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wazito. "Ulikuwa mgeni wake, mwalimu," akasema. Kisha akainama, akaiokota sahani yangu pale chini, akapangusa ukingo wake kwa ncha ya kanga, akanirudishia mkononi.

"Kula, kitapoa."

Nikala. Nilimaliza sahani yote.